Msongo wa Mawazo Wakati wa Tibakemikali ya Saratani ya Matiti

Saratani ya matiti ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi zaidi nchini Kenya. Kwa mama wa Nyamarambe anayetibiwa katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, siku ya dawa huanza alfajiri: kutafuta matatu, kupimwa damu, kungoja foleni, kisha kukaa kwenye dripu kwa saa kadhaa. Lakini mara nyingi mawazo huwa mazito kuliko safari. Je, nitapona? Nauli itatoka wapi? Watoto watakula nini?

Mawazo haya yakiachwa, mgonjwa hukosa usingizi, hukataa chakula na hatimaye huanza kukosa miadi. Hapo ndipo hatari ilipo. Tibakemikali hutolewa kwa mizunguko, mara nyingi kila baada ya wiki mbili au tatu, na kuruka mzunguko huipunguzia tiba nguvu.

Ujue mzunguko wako

Hofu nyingi hutokana na kutojua kesho italeta nini. Chukua kalenda, utie alama siku ya dawa, kisha umwombe muuguzi akueleze siku zinazofuata.

Siku za kwanza huja na uchovu na kichefuchefu. Meza dawa za kuzuia kutapika jinsi ulivyoelekezwa, hata kabla hujasikia vibaya. Uji wa wimbi kidogo kidogo huwafaa wengi wasioweza kumaliza sahani. Ukipewa dawa nyekundu iitwayo doksorubisini, mkojo unaweza kuwa mwekundu kwa siku moja au mbili. Hiyo ni rangi ya dawa, si damu.

Kati ya siku ya 7 na ya 14, kinga ya mwili kwa kawaida huwa chini. Weka kipimajoto nyumbani. Joto likifika nyuzi 38, hiyo ni dharura: nenda hospitali mara moja, hata kama ni usiku. Usimeze dawa ya kutuliza homa ukalala.

Kisha nguvu huanza kurudi. Siku hizo zipangie mambo unayoyapenda: kanisa, chama au kutembea kidogo shambani.

Kwa dawa zinazong'oa nywele, nywele huanza kukatika wiki mbili hadi tatu baada ya dozi ya kwanza. Wengine huzikata mapema na kuandaa kitambaa. Kwa kawaida huota tena miezi michache baada ya tiba kwisha.

Jamaa wagawane kazi

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: asiyeubeba huuona mwepesi. Kumwambia mgonjwa "jikaze" hakumpunguzii kitu. Kinachomsaidia ni mmoja kumsindikiza hospitalini, mwingine kuteka maji na kupika, na mwingine kuhakikisha usajili na malipo ya SHA yako sawa kabla ya siku ya safari. Achaguliwe pia mtu wa kujibu simu na kupokea wageni, hasa wanaoleta maneno ya kurogwa au dawa za miti shamba. Saratani si uchawi wala haiambukizi. Mitishamba isitumiwe bila daktari kujua, kwa maana baadhi huingiliana na dawa za hospitali.

Usiku usingizi ukikataa

Keti au ulale kwa utulivu. Vuta pumzi kupitia puani ukihesabu hadi nne, kisha uitoe polepole ukihesabu hadi sita. Endelea kwa dakika tano. Mwambie pia daktari kuhusu usingizi, kwa sababu baadhi ya dawa zinazoandamana na tibakemikali huufukuza, na huenda saa ya kuzimeza ikabadilishwa.

Wakati wa kutafuta msaada

Huzuni ikizidi wiki mbili, au mgonjwa akisema hataki kuishi, asiachwe peke yake. Mwelezeni muuguzi au daktari, ili aonane na mshauri nasaha. Mhamasishaji wa afya ya jamii kijijini anaweza kumwelekeza katika hospitali iliyo karibu. Shirika la Msalaba Mwekundu nchini pia hutoa ushauri nasaha kwa simu bila malipo kupitia nambari 1199.

Na nauli ikikosekana, usinyamaze hadi siku ipite. Pigia kliniki mapema, ili upewe siku nyingine iliyo karibu.