SOMO: Taa za Dari za Volti 12 – Tafuta Kilichoharibika Kabla ya Kununua



Nyumba nyingi za parokia, hosteli na ofisi zimewekewa taa ndogo zinazozama ndani ya dari. Taa ikizimika, kamati hununua balbu. Isipowaka, hununua nyingine. Fedha zinakwisha na giza linabaki, kumbe kilichokufa ni transfoma. Katika somo hili tutajifunza namna ya kutafuta chanzo hatua kwa hatua.

Taa hizi zinavyofanya kazi

Umeme unaoingia nyumbani ni wa volti 230 hivi. Transfoma, kisanduku kidogo kilichofichwa juu ya dari, huupunguza hadi volti 12. Wengi hudhani kuwa volti 12 hazina hatari. Sivyo. Balbu ya halojeni ya wati 50 kwenye volti 230 huvuta ampea 0.2 tu. Kwenye volti 12 huvuta ampea 4 na zaidi. Mkondo huo ukipita mahali ambapo waya umelegea, joto hupanda, holda ya balbu huungua, na dari ya mbao inaweza kushika moto. Tena, upande wa transfoma unakoingia umeme una volti 230, ambazo zinaua.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa chochote, zima swichi kuu na uache balbu ipoe. Mwanakamati anaweza kubadilisha balbu. Kazi ya waya na transfoma ni ya fundi umeme mwenye leseni.

Dalili na maana yake

• Taa moja haiwaki, nyingine zinawaka: shuku balbu, kisha holda. Kama kila taa ina transfoma yake, nayo pia ishukiwe.
• Taa zote za kundi moja zimezimika pamoja: shuku transfoma inayozilisha, swichi au waya.
• Taa zinawaka, zinazimika baada ya muda, kisha zinarudi: transfoma inapata joto kupita kiasi na kujikata. Huenda imezidishiwa mzigo au imefunikwa.
• Taa zinachezacheza tangu muweke balbu za LED: mzigo ni mdogo mno kwa transfoma hiyo.

Hatua za kupima

1. Chukua balbu kutoka taa inayowaka, iweke kwenye taa iliyozimika. Balbu ya halojeni ishikwe kwa kitambaa safi, kwani mafuta ya vidole huifupishia maisha. Ikiwaka, tatizo lilikuwa balbu.
2. Isipowaka, fundi akague holda. Ikiwa nyeusi au imelegea, ibadilishwe.
3. Holda ikiwa nzima, fundi apime kama volti 230 zinafika kwenye transfoma. Zikifika na balbu nzima haiwaki, huenda transfoma imekufa.

Tahadhari: transfoma nyepesi za kielektroniki hutoa umeme unaogeuka maelfu ya mara kwa sekunde, na nyingine hazitoi kitu zisipokuwa na mzigo. Mita ya kawaida inaweza kudanganya, na transfoma nzima ikatupwa. Kipimo cha uhakika ni balbu nzima ya halojeni.

Kuchagua transfoma mpya

Soma maandishi kwenye kisanduku cha zamani. Kikiandikwa wati 20–60, maana yake mzigo usipungue wati 20 wala kuzidi 60. Hapa ndipo kamati nyingi hukosea. Balbu ya LED ya wati 5 ikiwekwa peke yake kwenye transfoma hiyo iko chini ya kiwango, hivyo huchezacheza au haiwaki kabisa.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kununua kifaa cha volti 12 kilichotengenezwa kwa ajili ya LED. Ya pili ni kuondoa transfoma na kuweka holda na balbu za volti 230. Kwa njia hii fundi lazima akague waya na kuunganisha waya wa ardhi kwenye taa za chuma, kwa kuwa taa za volti 12 mara nyingi hazina waya huo.

Transfoma isilazwe juu ya taa yenye joto wala kufunikwa na vitu vya darini.

Mfano wa hesabu

Sebule ina taa 4 za wati 50, jumla wati 200. Zikibadilishwa kuwa LED za wati 5, jumla ni wati 20. Zikiwashwa saa 4 kila siku, zinaokolewa uniti 0.72 kwa siku, yaani zaidi ya uniti 21 kwa mwezi. Matengenezo yakifanywa vizuri, kamati itaona tofauti kwenye matumizi ya umeme na itaweza kuwaonyesha wafadhili.

Maswali ya kujadili

1. Je, mnajua transfoma zenu ziko wapi na kila moja inalisha taa ngapi?
2. Mwaka uliopita mlinunua balbu ngapi? Kuna aliyeandika zilizimika lini na katika chumba kipi?
3. Nani kati yenu atatunza daftari la matengenezo, ili fundi ajaye aanzie alipoishia mwenzake?