Utunzaji wa Pikapu Kuukuu za Dizeli Kusini mwa Maniema

Katika maeneo ya Kasongo na Kabambare, kusini mwa mkoa wa Maniema nchini Kongo, mizigo ambayo pikipiki haiiwezi hubebwa na pikapu za miaka mingi, hasa Toyota Hilux na Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, mfululizo ulioanza kuuzwa mwaka 1984 na ambao bado unatengenezwa kwa ajili ya nchi zenye barabara ngumu. Magari hayo hupita katika barabara ya taifa namba 2, inayotoka Mbuji-Mayi kupitia Kasongo kuelekea Bukavu, na katika njia za udongo zinazoelekea Wamaza, Salamabila na Kabambare, ambazo wakati wa mvua huwa matope na wakati wa kiangazi hutoa vumbi jekundu linaloingia kila penye upenyo. Vipuri, au piese kama zinavyoitwa huko, hutoka mbali: reli ya SNCC, shirika la reli la taifa, kutoka Lubumbashi hadi Kindu inapita ng'ambo ya magharibi ya mto Lualaba, ilhali Kasongo na Kabambare ziko mashariki yake, na njia nyingine ni ile ya Bukavu au ya Baraka, kandokando ya Ziwa Tanganyika, kupitia Fizi. Kwa sababu hiyo, kanuni za utunzaji zilizoandikwa kwa ajili ya mji wenye maduka ya vipuri kila mtaa hazitoshi huku, na fundi wa Kasongo hulazimika kuipa kinga uzito mkubwa kuliko ukarabati. Umri wa gari peke yake si kitu cha kuogopwa; injini nyingi zinazokufa katika njia hizi huuawa na maji katika mafuta, vumbi katika hewa na joto lililopuuzwa.

Injini ya dizeli, ambayo Rudolf Diesel aliionyesha ikifanya kazi vizuri huko Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, haitumii cheche ya umeme kuwasha mafuta. Pistoni huikandamiza hewa ndani ya silinda hadi joto lake lipite nyuzi 500 za Selsiasi, kisha nozeli hurusha mafuta katika hali ya ukungu, nayo huwaka yenyewe yanapokutana na hewa hiyo. Injini ya 1HZ ya Land Cruiser, yenye silinda sita na ujazo wa lita 4.2, pamoja na zile za Hilux ziitwazo 2L, 3L na 5L, zenye silinda nne, hurushiwa mafuta katika chumba kidogo kilichomo kwenye silinda hedi, yaani kile kifuniko kizito cha juu ya silinda ambacho mafundi wa Kongo hukiita kulasi. Pampu yake ya mafuta huendeshwa na injini yenyewe bila kompyuta yoyote, na hiyo ndiyo sababu pikapu hizi zinafaa zaidi huku kuliko magari mapya yenye pampu za kielektroniki, kwa kuwa fundi mwenye spana, taa na masikio mazuri anaweza kuzitambua kasoro zake chini ya mwembe.

Pampu hiyo ndiyo kiungo cha kulindwa kabla ya vingine vyote. Ndani yake mna vipande vya chuma vinavyosuguana kwa nafasi ya sehemu chache tu kati ya elfu za milimita, na havina oili yao ya pekee, bali hulainishwa na mafuta yaleyale ya dizeli, au mazutu kwa lugha ya mtaani, yanayopita ndani yake. Maji yakiingia, ulaini huo hutoweka, chuma husaga chuma, na kutu huanza gari linapolala. Mchanga ukiingia, hukwaruza na kupunguza shinikizo mpaka gari linakosa nguvu mlimani na kuwaka kwa taabu asubuhi. Hatari ni kubwa kwa sababu mafuta hufika yakiwa katika mapipa ya lita 200 na kugawanywa katika madumu, na kila anayeyamimina huongeza uchafu kidogo bila kukusudia. Pipa lililosimama nje huvuta maji ya mvua kupitia kizibo chake, kwani usiku hewa ya ndani husinyaa na kuyafyonza maji yaliyotuama juu. Pipa lililolazwa ubavuni, vizibo vyake viwili vikiwa katika mstari wa mlalo chini ya usawa wa mafuta, haliingizi maji kwa njia hiyo.

Mafuta yaliyosafirishwa yanapaswa kutulia usiku mzima kabla ya kutiwa kwenye tangi, ili maji, ambayo ni mazito kuliko dizeli, yashuke chini pamoja na tope. Pipa huwekwa likiwa limesimama na kuinamishwa kidogo kwa kipande cha mbao, mpira wa kunyonyea hushushwa upande ulio juu bila kugusa sakafu ya pipa, na kiasi cha mwisho huachwa kwa matumizi mengine yasiyohusu injini. Ukaguzi mwepesi ni kujaza mafuta katika chupa ya kioo na kuitazama dhidi ya mwanga baada ya kutulia: dizeli nzuri hupenyeza mwanga, yenye maji huwa na ukungu au huonyesha tabaka chini. Kuchuja kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara kadhaa huzuia mchanga, lakini hakuzuii maji, na wengi huchanganya mambo hayo mawili. Kuongeza mafuta ya taa ili kupunguza gharama ni kosa la bei kubwa, kwa kuwa mafuta ya taa ni mepesi na hayalainishi pampu ipasavyo. Kuongeza petroli, ambayo huku huitwa esansi, ni kosa baya zaidi.

Chini ya chujio la mafuta, yaani filta, mna kizibo kidogo cha kutolea maji, na juu ya kishikio chake mna pampu ya mkono. Kwa barabara za Maniema kizibo hicho kinastahili kulegezwa kila wiki, na kila mara baada ya kununua mafuta mahali pasipojulikana, huku pampu ya mkono ikisukumwa taratibu na chombo cha kioo kikiwa chini, mpaka yanayotoka yawe mafuta matupu. Filta yenyewe haisafishwi kwa kupulizwa wala kuoshwa kwa petroli, kwa kuwa karatasi yake ikishatatuka hupitisha kila kitu bila dalili yoyote kuonekana nje. Filta za bandia ni nyingi sokoni, na njia moja ya kuzitambua ni uzito hafifu, gundi isiyo sawa na mikunjo michache ya karatasi; mwenye gari anayesafiri kwenda Bukavu au Lubumbashi afadhali anunue filta kadhaa nzuri kwa mpigo kuliko kurudi na redio mpya.

Baada ya kubadilisha filta, au gari likiishiwa mafuta njiani, hewa hubaki katika mabomba, na kwa kuwa hewa hukandamizika, pampu haiwezi kuifikisha nguvu yake kwenye nozeli. Pampu ya mkono husukumwa mpaka iwe ngumu, kisha nati za mabomba ya chuma yanayoingia kwenye nozeli hulegezwa kidogo tu, starta hupigwa kwa vipindi vifupi, na mafuta yakianza kutoka bila povu nati hukazwa moja baada ya nyingine. Mkono wala uso havipaswi kuwekwa mbele ya nozeli inayorusha, kwa kuwa shinikizo lake, lipitalo mara 100 ya lile la hewa ya kawaida, huweza kutoboa ngozi na kuingiza mafuta mwilini, jeraha ambalo huonekana dogo lakini linahitaji daktari siku hiyohiyo.

Gari likikataa kuwaka ilhali mafuta yapo, kiungo cha kuchunguzwa mapema ni vali ya umeme ya kuzima injini, iliyofungwa nyuma ya pampu. Ufunguo ukiwashwa, vali hiyo hutoa mlio mdogo wa tiki na kufungua njia ya mafuta. Waya wake ukikatika au betri ikiisha kabisa, njia hubaki imefungwa, na ndiyo maana kusukuma gari la namna hii lenye betri iliyokufa kabisa hakuliwashi hata likisukumwa na kijiji kizima. Waya wa muda kutoka betri nyingine hadi kwenye vali hutosha kuthibitisha tatizo. Baadhi ya mafundi huondoa kipande cha ndani cha vali ili gari liendelee na safari, jambo ambalo hufanya kazi, lakini kuanzia hapo ufunguo hauwezi tena kuzima injini, na dereva hulazimika kuingiza gia ya juu, kukanyaga breki na kuachia klachi. Katika njia zenye msongamano wa watu hiyo ni hatari, na vali inapaswa kurudishwa mara tu kipuri kipatikanapo.

Joto ndilo adui wa pili, na injini ya 2L inajulikana kwa silinda hedi yake kupasuka baada ya kuchemka hata mara moja. Rejeta, ambayo ni kipoza maji cha mbele, huzibwa kwanza kwa nje: mbegu za nyasi na matope hujaa kati ya mapezi yake, na huoshwa kwa maji yasiyo na nguvu nyingi yakielekezwa kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu utoke ulikoingilia. Kwa ndani, maji ya mto yenye madini huacha ukoko unaoziba mirija; penye ukosefu wa kipoza cha dukani, maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi ndiyo bora, ingawa hayazuii kutu kama kipoza halisi. Kifuniko cha rejeta hushikilia shinikizo ili maji yachemke juu ya nyuzi 100, kwa hiyo kifuniko kilicholegea huweza kuleta uchemkaji ambao fundi huutafuta kwingine. Kuondoa themostati, ile vali ndogo inayozuia maji mpaka injini ipate joto, ni desturi iliyoenea na isiyofaa, kwa kuwa injini hufanya kazi ikiwa baridi, hula mafuta zaidi na huchakaza silinda, huku kiini cha tatizo kikiendelea kujificha.

Mapovu yasiyokoma ndani ya rejeta injini ikiwaka, mpira wa juu unaokuwa mgumu dakika chache baada ya kuwasha injini baridi, au oili yenye rangi ya maziwa, huashiria kwamba gasketi ya silinda hedi, au junta ya kulasi, imeungua au hedi imepasuka. Hedi iliyofunguliwa hupimwa unyoofu kwa rula ya chuma kabla ya gasketi mpya kufungwa, na bolti zake hukazwa kuanzia katikati kuelekea pembeni, kwa awamu, kwa spana yenye kipimo cha nguvu. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda hudumu wiki chache tu.

Moshi husaidia kutambua mengine. Mweusi huonyesha mafuta mengi kuliko hewa, na mara nyingi chanzo ni filta ya hewa iliyojaa vumbi, ambayo hupulizwa kutoka ndani kwenda nje bila kupigwapigwa kwenye jiwe. Wa buluu huonyesha oili inayoungua. Mweupe asubuhi huonyesha mafuta yasiyowaka, na ukiendelea injini ikiwa ya moto, huenda ni maji. Oili ya 15W-40 hubadilishwa kila kilomita 5,000, na mapema zaidi kwa gari linalotambaa matopeni siku nzima, kwa kuwa saa za kazi huuchosha mtambo kuliko kilomita. Mkanda wa taimingi, unaounganisha krenkshafti na kemshafti, hubadilishwa kila kilomita 100,000 na haungojwi ukatike, kwani ukikatika pistoni hugonga vali. Kwa pikapu ambayo mita yake imekufa au haiaminiki, busara ni kuubadilisha mara gari linaponunuliwa na kuandika tarehe kwa rangi kwenye kifuniko chake.

Baada ya kuvuka maji yaliyofunika ekseli, difu, yaani kasha la gia katika ekseli ya nyuma na ya mbele, lifunguliwe kizibo na oili yake itazamwe, kwa kuwa kasha la moto likiingia ghafla kwenye maji baridi hufyonza maji kupitia sili na mpumulio wake. Beringi za magurudumu nazo hufunguliwa, huoshwa na kupakwa grisi mpya, na ngoma za breki za nyuma husafishwa tope lililokauka. Kazi hii ya breki ndiyo inayoahirishwa mara nyingi, kwa kuwa gari bovu la breki bado linakwenda, ilhali pikapu iliyoundwa kubeba karibu tani moja huonekana ikishuka mlima na magunia yaliyopita kiwango hicho na abiria wameketi juu yake. Springi zikiongezwa majani ili kustahimili mzigo huo, uzito huhamia kwenye fremu, na nyufa huanza karibu na vishikio vya springi za nyuma. Ufa wa hapo hutobolewa tundu dogo mwishoni mwake ili usiendelee, huchomelewa, kisha huimarishwa kwa bamba refu la pembeni lisiloishia katika mstari mmoja wa wima, na breki hujaribiwa gari likiwa na mzigo kabla ya abiria yeyote kupanda.