Pumzi Kwanza, Samaki Baadaye

Nikimpeleka mgeni wa bahari kisiwani Mbudya, sharti langu la kwanza humkera: dakika ishirini za mwanzo tunasimama kwenye maji ya kiunoni. Boti iliyotuvusha kutoka Kunduchi imeshageuza, wenzake wanaelea kwenye mwamba, naye amesimama kama abiria kituoni. Avumilie. Anayeanza haangushwi na papa. Huangushwa na funda moja la maji ya chumvi lililomwingia bila hodi. Akashtuka, akang'oa miwani, akasahau kwamba angeweza kusimama.

Miwani huchaguliwa nchi kavu, kabla ya kulipia. Aiweke usoni bila kuvuta mkanda, avute pumzi kidogo kwa pua, kisha aachie mkono. Ikiganda ni yake. Ikidondoka ajaribu nyingine. Nywele zisibaki chini ya mpira, na mwenye sharubu nene ajue maji yatapenya. Kioo akitemee mate kwa ndani, asugue, asuuze, kisije kikaota ukungu. Wapo wanaoona kinyaa. Hao hutazama ukungu siku nzima. Zile za kufunika uso mzima simpi anayeanza: akitaka hewa haraka hawezi kutema bomba tu, sharti aivue yote.

Sasa ainame, mikono magotini, uso majini, avute pumzi taratibu kwa mdomo na kuitoa kwa kirefu zaidi. Pumzi fupifupi ndizo mama wa hofu, maana hewa iliyotumika hubaki ndani ya bomba na kuvutwa tena. Akifikisha pumzi thelathini tulivu, naingiza maji kwenye bomba lake. (Humwambia kabla, kumvizia mtu majini si mafunzo.) Apulize kwa mkupuo mmoja, "tuu!", yaruke juu. Yakiingia kwenye miwani, abane ukingo wa juu kwa vidole, ainue uso kidogo, atoe pumzi kwa pua. Maji yatatokea chini. Arudie mpaka zoezi limchoshe. Likishamchosha, yuko tayari.

Jaketi okozi avae hata kama anajisifu kuogelea. Fulana ya mikono mirefu pia, kwani mgongo ndio unaoungua.

Saa ya kuingia anaichagua bahari, si mgeni. Maji yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa sita; mkondo huwa mkali katikati ya saa hizo, ukalegea maji yanapokaribia kusimama. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hapa hupita mita 3, na maji yote hayo yana pa kwenda. Kwa hiyo siku ya kwanza natafuta maji mafu, asubuhi, upepo haujaamka. Kusi likichafua bahari, au masika yakitia maji tope, tunabaki mchangani kula samaki wa kukaanga. Mvuvi wa pale akisema leo siyo, hatubishani naye.

Tunaogelea wawili, bega kwa bega, na tunaanza kwa kuukabili mkondo ili uturudishe tukichoka. Kiganja juu ya kichwa maana yake niko salama. Mkono unaopungwa hewani maana yake njooni. Kupiga mbizi bado. Na siku atakapoanza, asivute pumzi nyingi za harakaharaka kabla ya kuzama: mtu huzimia chini bila kuhisi dalili yoyote.

Matumbawe asiyakanyage wala kuyashika. Yanakata, mengine yanawasha, nayo huvunjika kwa kiatu kimoja. Tena miwani hukuza vitu na kuvisogeza karibu, hivyo mkono hutangulia akili. Akichomwa na mwiba wa taa, kidonda kilowekwe kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, huku mkitafuta usafiri wa hospitali.

Nusu saa inamtosha. Atakuapia kwamba hasikii baridi huku midomo ikimcheza. Hapo mgeuze kuelekea pwani, na maswali yake kuhusu yule samaki wa njano umjibu akiwa ndani ya kanga kavu.