Kura ya mwanafunzi aliye mbali na nyumbani

Familia moja ya Wakongo tunayoifahamu ilifika Texas kutoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Binti yao wa kwanza alipata uraia wa Marekani, akaenda chuo katika jimbo lingine, na mwaka 2024 ilikuwa mara yake ya kwanza kumpigia Rais kura. Alijaza fomu ya kuomba karatasi ya kura kwa njia ya posta. Penye anwani ya kutumiwa aliandika ya nyumbani, akitegemea kwamba mama atampelekea. Lakini kwa sheria ya Texas, anayeomba kwa sababu yuko nje ya kaunti yake lazima atumiwe karatasi hiyo nje ya kaunti. Barua ya kumweleza kosa lake ilifika nyumbani. Mama, ambaye hasomi Kiingereza, aliiweka juu ya friji pamoja na matangazo ya maduka. Siku binti alipopiga simu na kuuliza, "Mama, hakuna barua yangu?" tarehe ya mwisho ilikuwa imepita.

Makala hii ni kwa wanafunzi kama yeye, na kwa wazazi wanaopokea barua zao.

Kwanza, je, wewe ni raia?

Katika uchaguzi wa Rais na Bunge la Marekani, ni raia tu anayeruhusiwa kupiga kura. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu si raia bado. Akijiandikisha, hata kwa kukosea anapoulizwa kwenye ofisi ya leseni za udereva, anaweza kunyimwa uraia baadaye au hata kufukuzwa nchini. Jambo hili si dogo, na vijana wafundishwe kabla hawajatimiza miaka 18.

Upande wa pili, wako vijana ambao ni raia na hawajui. Kwa sheria iliyoanza kutumika Februari 2001, mtoto mwenye ukaazi wa kudumu, aliye chini ya miaka 18 na anayeishi Marekani chini ya malezi ya mzazi wake, huwa raia mzazi huyo anapopata uraia. Hali kiapo yeye mwenyewe. Uthibitisho wake ni pasipoti au cheti cha uraia. Kama huna uhakika, usitie sahihi fomu yoyote ya kujiandikisha. Muulize kwanza mwanasheria wa uhamiaji.

Chagua anwani moja

Mwanafunzi anaweza kujiandikisha nyumbani kwa wazazi au mahali anaposoma. Haki hii ilipiganiwa. Umri wa kupiga kura ulishushwa hadi miaka 18 mwaka 1971, lakini katika kaunti ya Waller, Texas, wanafunzi Weusi wa chuo cha Prairie View waliendelea kuwekewa vizuizi kwa madai kwamba si wakazi wa pale. Mwaka 1979 Mahakama Kuu ya Marekani iliunga mkono uamuzi kwamba kufanya hivyo ni kinyume cha katiba.

Lakini huwezi kupiga kura mahali pawili. Ni kosa la jinai.

Kwa maoni yetu, anayekaa chuoni miezi tisa kwa mwaka afikirie kujiandikisha huko huko. Atatembea tu hadi kituoni, na hatahitaji posta kabisa. Wengine wanapenda kupiga kura nyumbani kwa sababu wanaijua shule ya wadogo zao na diwani wao, na hiyo pia ni sababu nzuri. Hao ndio wanaohitaji yafuatayo.

Omba mapema

Kila jimbo lina sheria zake. Oregon, Washington na Colorado hutuma karatasi ya kura kwa kila aliyeandikishwa bila kuombwa. Usifurahi haraka: inakwenda kwenye anwani iliyo katika daftari, na kwa kawaida posta haiisogezi hadi anwani yako mpya kama inavyofanya kwa barua nyingine. Mjulishe afisa wa uchaguzi anwani ya bweni lako. Majimbo mengi mengine yanataka uombe, na baadhi, kama Texas, yanataka utoe sababu. Yapo pia yanayomtaka aliyejiandikisha kwa posta aende kituoni mwenyewe mara ya kwanza.

Texas inataka ombi lifike siku 11 kabla ya uchaguzi. Kwa uchaguzi wa tarehe 3 Novemba 2026, siku hiyo ni 23 Oktoba. Angalia neno "lifike". Ombi liwe mikononi mwa ofisi siku hiyo. Kulitia kwenye sanduku la posta siku hiyo hakutoshi. Na anayengoja hadi hapo amechelewa, kwani karatasi yenyewe bado itasafiri kuja kwake na kurudi. Omba Septemba.

Kura nyingi hukataliwa kwenye bahasha

Watu huogopa kukosea kuweka alama kwenye karatasi. Kumbe matatizo mengi yako nje, kwenye bahasha, kwa sababu bahasha ndiyo inayosema wewe ni nani.

Mwaka 2022 Texas ilianza kudai namba ya leseni ya udereva, au tarakimu nne za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii (ile tunayoiita soshali), iandikwe kwenye bahasha na ilingane na iliyo katika daftari. Katika uchaguzi wa awali wa Machi mwaka huo kura zaidi ya 20,000 za posta zilikataliwa. Wengi walikuwa watu halali waliosahau kisanduku kimoja.

Sahihi nayo ina shida yake. Majimbo mengi huilinganisha na ile uliyotia zamani, pengine ulipochukua leseni ukiwa na miaka 16. Ukaguzi uliofanywa jimbo la Washington mwaka 2022 ulionyesha kwamba kura za vijana hukataliwa zaidi kuliko za wazee. Tia sahihi ile ile, polepole, kwa kalamu ya wino.

Majimbo mengine yanataka shahidi: Wisconsin mmoja; North Carolina wawili, au notari mmoja, pamoja na nakala ya kitambulisho. Mtafute shahidi kabla hujafungua karatasi, maana anatakiwa awepo unapoijaza.

Kuirudisha

Posta ya Marekani inashauri utume kura angalau wiki moja kabla ya siku ya uchaguzi. Usitegemee muhuri wa tarehe, kwa kuwa unaweza kugongwa siku inayofuata. Mwaka 2018 kaunti ya Fairfax, Virginia, iligundua kwamba baadhi ya wanafunzi hawakutuma kura zao kwa sababu hawakujua wanunue wapi stempu. Mzazi anaweza kutia stempu mbili kwenye begi la mwanawe.

Ukishatuma, fuatilia. Majimbo mengi yana ukurasa wa intaneti unaoonyesha kama kura yako imepokelewa, na mengi hukuruhusu kurekebisha kosa la sahihi ndani ya siku chache. Andika namba ya simu unayoitumia kweli.

Maswali ya kujadili

Ni nani katika kikundi chetu ana mtoto atakayetimiza miaka 18 kabla ya uchaguzi ujao? Je, uraia wake unajulikana?

Barua za Kiingereza zinapofika nyumbani, nani huzisoma, na baada ya siku ngapi?

Zoezi: leteni bahasha mbili kwa kila mtu. Kila mmoja aweke karatasi ndani, aandike namba na tarehe, atie sahihi na kufunga. Kisha badilishaneni na mtafute kilichosahauliwa.