Kumfundisha Mwanafunzi wa Motakaa Kupita Njia Panda

Kila mwaka vijana wengi wa vijiji vyetu hujifunza kuendesha motakaa. Baada ya masomo ya chuoni, wengi huongezewa mazoezi na mjomba au kaka aketiye ubavuni. Hatusemi hapa habari za leseni, maana hizo zina sheria zake. Twataka kusema na hao waketio kiti cha kushoto, kwa habari ya njia panda.

Siku ya kwanza yafaa gari liachwe nyumbani. Mwalimu na mwanafunzi wake waende kwa miguu mpaka njia panda, wasimame pembeni kwa muda wa nusu saa, watazame. Mwanafunzi aulizwe: lori lile litakwenda wapi? Mama yule mwenye ndoo atavuka sasa au atangoja? Asiye na usukani mkononi huona mengi.

Kisha afundishwe vibao. Kibao chekundu chenye pembe nane ni amri ya kusimama kabisa, hata kama hapana mtu. Kile cha pembe tatu chenye ncha chini chataka uwapishe wengine, na kusimama ikilazimu. Lakini njia panda nyingi za vijijini hazina kibao chochote, na hapo mtu asijidhanie kuwa ana haki ya kutangulia. Apunguze mwendo mapema. Motakaa iendayo kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kwa kila sekunde moja. Ikienda kilomita 80, hupita mita 22. Mwenye kukumbuka breki akiwa amekwisha fika amechelewa.

Sasa twafika penye jambo lililotufanya tuandike. Mwaka mmoja tuliketi ubavuni pa kijana mmoja, mtu mwangalifu sana. Tulifika njia panda ya udongo, iliyo karibu na shule. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama kulia tena kama tulivyomfundisha, akaachia klachi. Mara baiskeli ikatokea mbele ya boneti. Tukavuta breki ya mkono kwa nguvu, gari likazimika. Mtoto aliyepanda baiskeli hakuumia, ila daftari zake zilitawanyika vumbini. Tulimkaripia yule kijana kwa maneno makali, na jioni, tulipolifikiri jambo lile, tukaona kuwa kosa lilikuwa letu.

Kila upande wa kioo cha mbele pana nguzo ya chuma ishikayo paa. Kwa kuwa i karibu na uso, hufunika kitu kikubwa kilicho mbali, kama vile kidole mbele ya jicho kifunikavyo mti mzima. Tena iko hila nyingine. Gari na baiskeli zikielekea mahali pamoja kwa mwendo usiobadilika, kwa kadiri ya kufika wakati mmoja, baiskeli haitaonekana kusogea kulia wala kushoto. Itabaki nyuma ya nguzo ile ile tangu mbali hata zigongane. Mabaharia hulijua jambo hili: chombo kinachokaribia bila kusogea upande ndicho cha kuogopwa. Kwa hiyo macho peke yake hayatoshi. Mwanafunzi afundishwe kuinamisha kiwiliwili mbele, kisha kukirudisha nyuma, ili aone pande zote mbili za nguzo. Sisi tulimfundisha kugeuza shingo tu.

Katika Tanzania na Kenya twapita upande wa kushoto. Basi kupinda kulia ndiko kugumu, maana dereva hukata njia ya wajao mbele. Angojapo nafasi, magurudumu yayaelekee mbele, yasielekee kulia, ili akisukumwa na gari la nyuma asitupwe mbele ya lori. Wala asiamini taa ya ishara ya mwenzake mpaka amwone anapunguza mwendo kweli, maana wako wasahaulifu waachao taa ile ikiwaka maili nzima. Na bodaboda hawana haja ya kungoja ishara ya mtu. Kabla ya kupinda, kioo cha kando kitazamwe tena.

Penye kiplefti, ambayo huko Kenya huitwa raundabauti, jambo ni jepesi: wapishe walio ndani, watokao kuliani kwako.

Yako pia yasiyo kazi ya dereva. Mahindi yaliyopandwa hata ukingoni mwa njia panda hufika kimo cha mtu kabla ya kuvunwa, na mtoto wa shule haonekani nyuma yake. Wenyeviti wa vijiji na machifu wanaosoma haya waweza kwenda kutazama pembe zao wenyewe. Kufyeka hatua chache kila upande ni kazi ya watu wawili wenye mapanga, asubuhi moja, kabla ya shule kufunguliwa.