Nani Hukaa Nyumbani?

Watu wengi husema: «Mwanamume hufanya kazi; mwanamke hukaa nyumbani tu.» Neno hilo «hukaa» lafaa kupimwa.

Bwana mmoja alisema hivyo kila jioni, akingojea bukari. Mkewe, muuza samaki wakavu, akamjibu: «Baba, kesho na kesho kutwa nitakuwa sokoni. Mihogo michungu nimeitia majini leo. Wewe utakaa nyumbani tu.» Bwana akafurahi.

Siku ya kwanza alikwenda kisimani mara tatu. Ndoo ya tatu ikamwosha yeye badala ya mtoto. Mbuzi wakala sombe. Kuni mbichi zikamliza kama mfiwa. Hata adhuhuri alikuwa amekaa mara moja tu, nayo ni pale alipoteleza matopeni.

Siku ya pili akataka kuitoa mihogo majini, kwa kuwa kungoja kule alikuona ni uvivu wa wanawake. Binti yake mdogo akamzuia: «Baba, bado ni migumu. Ina sumu.»

Mtoto alisema kweli. Mihogo michungu ina sumu iitwayo sianidi. Hulowekwa siku tatu hivi hata ilainike, kisha huanikwa juani. Wanaoila majuma mengi bila kulowekwa vema, wala hawana samaki au maharagwe, waweza kupatwa na konzo: miguu hukakamaa ghafula, wala haiponi. Mganga Trolli aliandika habari za ugonjwa huo huko Kwango mwaka 1938. Basi kazi ya jikoni si mikono tu. Ni elimu ilindayo uzima.

Kazi ya sokoni nayo si ya mume peke yake. Katika Kongo, Sheria ya Jamaa ya 1987 ilimdai mke ruhusa ya mumewe kabla ya kufanya mapatano ya kisheria. Sheria ya 2016 iliiondoa ruhusa hiyo. Sasa mume na mke hupatana wote wawili.

Jioni ile mke aliporudi na mzigo kichwani, bwana alimpokea mzigo, akaleta kiti, akasema: «Karibu, Mama. Kaa.»

Maswali
1. Kwa nini mihogo michungu hulowekwa siku tatu?
2. Sheria ya 2016 ilibadili nini?
3. Kwenu, nani hulala wa mwisho na kuamka wa kwanza? Nani aweza kumpunguzia kazi moja juma hili?