Mlio wa Nyenje na Sikio la Jike

Mlio wa nyenje usikikao usiku hautoki kinywani. Dume huinua mbawa zake za mbele na kuzisugua: ubawa mmoja una mshipa wenye meno kama ya tupa, na mwingine una ukingo mgumu unaoyakwaruza meno hayo. Jike hana chombo hicho. Yeye husikiliza kwa masikio yaliyo katika miguu yake ya mbele, kisha humwendea dume mwenye mdundo wa spishi yake.

Mdundo huo hutofautiana hata baina ya spishi zenye undugu wa karibu. Katika kisiwa cha Hawaii wamo nyenje wadogo wa jenasi *Laupala*, ambao ni vigumu kuwapambanua kwa umbo. Dume wa *Laupala kohalensis* hutoa mapigo 3.7 hivi kwa sekunde. Yule wa *Laupala paranigra* hutoa 0.7 tu. (Mwalimu atakaye kuhesabu mapigo ya nyenje wa shuleni kwake asisahau kipimajoto, kwani joto lipandapo mapigo huenda mbio.)

Hapa pana fumbo. Dume akibadili mlio peke yake, atakosa jike wa kumwitikia. Mlio mpya huzukaje, basi? Mwaka 1977 Ronald Hoy na wenzake walieleza habari za machotara wa spishi mbili za nyenje, *Teleogryllus commodus* na *Teleogryllus oceanicus*. Majike machotara walivutwa na mlio wa madume machotara kuliko mlio wa spishi yoyote ya wazazi. Yaelekea mlio na upendeleo hurithiwa pamoja; na mwaka 2009 uchunguzi wa *Laupala* ulionyesha kuwa jeni za mambo hayo mawili zimekaribiana katika kromosomu.

Ila si jike peke yake asikiaye. Katika visiwa hivyohivyo vya Hawaii, nzi *Ormia ochracea* huufuata mlio wa *Teleogryllus oceanicus* na kumwekea dume mabuu, ambao humla kutoka ndani. Mwaka 2003, katika kisiwa cha Kauai, madume wengi walionekana kuwa na mbawa laini zisizo na tupa. Badiliko hilo, la jeni moja katika kromosomu X, lilikuwa limeenea kwa vizazi visivyozidi 20. Madume bubu walizuka Oahu pia, lakini mbawa zao zimebadilika kwa namna nyingine. Majike bado huufuata mlio. Dume bubu hujikalia karibu na wachache wanaolia, akamdaka jike njiani.